Kuutambua na Kuuthamini Upanga wa Kale wa Kijapani na Vifaa Vyake

Upanga wa Kijapani unapofika mkononi mwa mtu asiyeuzoea, jambo la kwanza analolitafuta ni jina. Hufungua mpini, huona maandishi yaliyochongwa kwenye chuma, huyapiga picha, kisha huanza kuuliza kila anayemjua kama hilo ni jina la mhunzi mashuhuri. Waliobobea katika fani hii huanzia upande mwingine kabisa. Katika mikutano ya kantei, yaani ukadiriaji, ambayo hufanyika Japani hadi leo, msuka wa upanga, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, hufunikwa kabisa, na washiriki hutakiwa kutaja zama, jimbo na mhunzi kwa kutazama umbo, chuma na makali peke yake. Jina linaweza kuongezwa na yeyote mwenye patasi nzuri, hata miaka mia tatu baada ya upanga kufuliwa, lakini namna chuma kilivyokunjwa na kupozwa siku ile ya kwanza haiwezi kubadilishwa bila kuacha dalili. Mwongozo huu unafuata utaratibu huohuo: umbo kwanza, chuma na makali baadaye, msuka na saini mwisho, ndipo vifaa na hati.

Kabla ya kugusa chochote

Upanga uliodumu karne nyingi unaweza kuharibiwa kwa saa moja na mtu mwenye nia njema. Kutu nyeusi iliyotanda kwenye msuka ndiyo ushahidi mkubwa wa umri, na anayeisugua kwa msasa au brashi ya waya anaufuta ushahidi huo pamoja na sehemu kubwa ya thamani ya upanga. Vivyo hivyo, bapa halisuguliwi kwa dawa ya kung'arishia vyombo wala kwa jiwe la kunolea visu vya jikoni. Unoaji wa panga hizi ni fani inayojitegemea ambayo mwanafunzi huisomea kwa miaka mingi chini ya mwalimu wake, na kila unoaji huondoa chuma kisichoweza kurudishwa. Bapa lisishikwe kwa vidole vitupu, kwa kuwa chumvi ya jasho huanzisha kutu haraka, na si adabu kuzungumza huku mdomo ukiwa juu ya chuma, kwa sababu unyevu wa pumzi una madhara yaleyale.

Ili kuutazama upanga, shika ala kwa mkono wa kushoto, makali yakiwa yameelekea juu, kisha uvute polepole huku mgongo wake ukiteleza juu ya mbao, ili makali yasiikate ala wala kukwaruzika. Mpini hufungwa kwa pini ya mwanzi iitwayo mekugi, ambayo ni nyembamba zaidi upande mmoja. Isukume kutoka upande huo mwembamba kwa kijiti cha shaba au cha mwanzi mgumu. Baada ya hapo shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukiwa umesimama na kuinama kidogo, makali yakiwa mbali nawe, na ukipige kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya mkono wa kulia, taratibu, hadi mtikisiko ulegeze msuka. Ukikataa kutoka, acha, umpelekee anayejua. Kuugonga mkingio wa mkono kwa nyundo ili kuulazimisha upanga utoke kumevunja mipini mingi ya kale na kutia makovu kwenye vifaa ambavyo pengine vilikuwa na thamani kuliko bapa lenyewe.

Mafuta yanayopakwa kulinda chuma huitwa choji-abura, na harufu yake haitakuwa ngeni kwa mtu wa Unguja au Pemba, kwa kuwa ni harufu ya karafuu. Hupakwa kwa tabaka jembamba mno. Mafuta mengi hukusanya vumbi na kupenya ndani ya ala, ambako hushika uchafu unaokwaruza bapa kila linapochomolewa.

Mchujo wa kwanza

Panga nyingi zinazouzwa kwenye minada na masoko ya intaneti huingia katika mojawapo ya makundi matatu: nakala za kisasa, panga za jeshi za karne ya 20, na panga za kale zilizofuliwa kwa njia ya jadi. Nakala hujulikana upesi kwa mtu anayejua pa kutazama. Mstari wa makali, yaani ule mpaka mweupe unaoonekana kando ya makali, huwa umechorwa kwa tindikali au kwa brashi ya waya, ukiwa mweupe sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho na usiobadilika hata ukiugeuza chini ya taa. Msuka huwa na kutu ya rangi ya chungwa iliyoletwa kwa kemikali, herufi zake hazina nguvu ya patasi, na ruwaza za chuma kilichokunjwa hujitokeza kwa ukali kupita kiasi, kana kwamba mtengenezaji alihofia kuwa mnunuzi hataziona.

Panga za jeshi zinahitaji subira zaidi. Jeshi la nchi kavu la Japani liliidhinisha muundo mpya wa upanga wa maofisa mwaka 1934, na mwingine ukafuata mwaka 1938; maofisa wasio na kamisheni, kama masajini, walipewa muundo wa mwaka 1935, ambao bapa lake lilitengenezwa kwa mashine na kupigwa namba, na mpini wake ukawa wa aluminiamu iliyofinyangwa na kupakwa rangi ifanane na mpini uliosukwa kwa uzi. Huo wa mwaka 1935 ni kumbukumbu ya vita na si kazi ya mhunzi wa jadi. Panga za maofisa hutofautiana sana. Nyingi zina muhuri mdogo juu ya saini, kama ule wa mji wa Seki au wa zama za Showa, ambao kwa kawaida huonyesha kuwa upanga haukufuliwa kwa njia kamili ya jadi na pengine ulipozwa kwa mafuta badala ya maji. Muhuri wa nyota ni habari nyingine: ulipigwa kwenye panga za wahunzi waliosajiliwa na jeshi, waliopewa chuma cha jadi na kutakiwa kukifua kwa njia ya jadi.

Usiutupilie mbali upanga kwa sababu tu umevaa mavazi ya kijeshi. Maofisa wengi walichukua upanga wa ukoo, wakauvika mpini na ala ya jeshi, wakaenda nao vitani, na baada ya mwaka 1945 panga hizo zikasambaa duniani mikononi mwa askari walioshinda. Mwaka 1963, Walter Compton, mfanyabiashara wa Kimarekani aliyekuwa mkusanyaji mkubwa wa panga, alilirudishia hekalu la Terukuni mjini Kagoshima upanga wa mhunzi Kunimune ambao ulikuwa Hazina ya Taifa la Japani na ulikuwa umepotea baada ya vita. Upanga wa kiwango hicho ulifika ng'ambo kama nyara ya kawaida. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba hukumu isitolewe kwa kuangalia mpini.

Kusoma zama kutokana na umbo

Vipimo huja kabla ya maoni. Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi pengo dogo lililo mgongoni, mahali bapa linapokutana na msuka. Upanga mfupi kuliko shaku 1, yaani sentimita 30.3, huitwa tanto. Wa kati ya shaku 1 na 2 ni wakizashi. Unaozidi shaku 2, yaani sentimita 60.6, ni katana au tachi. Tachi ilining'inizwa kiunoni makali yakielekea chini, ilhali katana ilichomekwa kwenye mshipi makali yakielekea juu. Pima pia kina cha tao, upana wa bapa karibu na mpini na upana wake karibu na ncha, kwa kuwa uwiano kati ya vipimo hivyo viwili vya upana hueleza mengi kuhusu zama.

Upanga wa mwisho wa zama za Heian na mwanzo wa Kamakura, yaani karne ya 12 na mwanzo wa 13, ni mrefu na mwembamba, tao lake limekaa chini karibu na mpini, upana wake hupungua sana kuelekea juu, na ncha yake ni ndogo. Katikati ya karne ya 13 bapa lilipanuka, na ncha ikawa fupi na nene. Wamongolia walivamia Japani mwaka 1274 na mwaka 1281, na kwa mapokeo ya wataalamu mabadiliko kadhaa ya chuma na umbo yaliyofuata yanahusishwa na mapigano hayo. Karne ya 14, zama za Nanbokucho, ilileta panga kubwa mno, nyingine zikizidi sentimita 90, zenye bapa pana na ncha ndefu. Baadaye nyingi kati ya hizo zilikatwa upande wa msuka ili ziweze kuvaliwa kama katana, na kwa njia hiyo saini zao zikapotea.

Katika karne ya 15 na 16 vita viligeuka kuwa vya askari wengi wa miguu, na upanga ukawa mfupi, mara nyingi kati ya sentimita 60 na 65, wenye msuka mfupi wa kushikwa kwa mkono mmoja na tao lililosogea kuelekea ncha. Tangu mwaka 1596 huhesabiwa zama ziitwazo Shinto, yaani panga mpya, na zile za kabla yake huitwa Koto. Umbo lililo rahisi zaidi kutambua katika zama hizi mpya ni la miaka ya Kanbun, 1661 hadi 1673: karibu limenyooka, ncha ni ndogo, na upana hupungua waziwazi. Mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, uliungua mwaka 1657, panga nyingi zikateketea, na wahunzi wa kizazi hicho wakapata kazi nyingi ya kufua badala yake. Mwishoni mwa karne ya 18 mhunzi Suishinshi Masahide alitoa wito wa kuzirudia njia za kale, ndipo zikaanza zama za Shinshinto, ambazo hudumu hadi amri ya mwaka 1876 iliyopiga marufuku uvaaji wa panga hadharani. Wahunzi wa zama hizo waliiga kila umbo lililotangulia, na hapo mwanafunzi hudanganyika kwa urahisi. Uzito ndio humsaidia: upanga wa karne ya 14 umenolewa mara nyingi na umepungua, ilhali nakala ya karne ya 19 bado ni nzito na nene.

Chuma na mstari wa makali

Zima taa zote za chumba, ubakize taa moja yenye mwanga mkali unaotoka mahali pamoja. Elekeza upanga chini ya taa hiyo na uinamishe polepole hadi mwanga uteleze juu ya makali. Anayetazama chini ya mwanga uliotawanyika, kama wa dirisha kubwa au taa ndefu za ofisini, haoni hata nusu ya kilichopo, na picha nyingi za wauzaji hupigwa chini ya mwanga wa namna hiyo.

Chuma cha jadi, tamahagane, hutokana na mchanga wenye madini ya chuma unaoyeyushwa kwa makaa ya miti katika tanuri ya udongo iitwayo tatara. Tanuri ya namna hiyo ilifufuliwa mwaka 1977 huko Okuizumo, mkoani Shimane, na bado ndiyo inayowapatia wahunzi chuma. Mhunzi hukikunja na kukifua chuma hicho mara nyingi, na mikunjo hiyo huacha juu ya bapa ruwaza iitwayo jihada: nyingine hufanana na ubao uliopasuliwa, nyingine ina mafundo, nyingine imenyooka kuelekea ncha, na nyingine, kama ile ya ukoo wa Gassan, huenda kwa mawimbi. Kisha hupaka upanga udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, huupasha moto na kuuchovya majini. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu, mgongo hupoa polepole na kubaki mnyumbufu, na mpaka kati ya sehemu hizo mbili ndio unaoonekana kama mstari mweupe uitwao hamoni.

Mpaka huo una chembe. Zikiwa kubwa kiasi cha kuonekana moja moja kwa macho, zikimeta chini ya taa, huitwa nie. Zikiwa ndogo mno hata zikaonekana kama ukungu, huitwa nioi. Mstari wa tindikali hauna kimojawapo. Kwa maoni yangu, anayejifunza jambo moja tu katika fani nzima na ajifunze kuona tofauti hiyo, kwa maana itamwepusha na sehemu kubwa ya hasara za sokoni.

Mapokeo matano makuu ya Koto hutofautiana kwa mchanganyiko wa jihada na hamoni. Yamato, kwenye mahekalu makubwa ya Nara, lilipenda chuma chenye nyuzi zilizonyooka na hamoni iliyonyooka yenye nie. Yamashiro, kwenye mji mkuu wa Kyoto, lilitoa chuma laini chenye ruwaza ndogondogo na hamoni tulivu. Soshu, huko Kamakura, jimbo la mhunzi Masamune, lilikuwa na nie kubwa na nyingi, na ndani ya hamoni hupita mistari inayong'aa kama radi. Mino lilileta hamoni yenye vilele vilivyochongoka, na inayojulikana zaidi ni ya Kanemoto, yenye vilele vinavyojipanga vitatu vitatu kama miti ya mierezi.

Bizen ndilo lililotoa panga nyingi kuliko majimbo yote, na dalili zake zinastahili kukaririwa. Hamoni yake ni ya nioi, na juu yake, kwenye bapa, mara nyingi kuna kivuli cheupe kiitwacho utsuri, ambacho huonekana kama taswira ya hamoni iliyosogea kuelekea mgongoni. Ruwaza yake mashuhuri ni choji, yaani karafuu: vichwa vya duara juu ya vikonyo vyembamba vilivyosongamana, sawa na karafuu kavu zilizomwagwa jamvini. Shule ya Ichimonji ya karne ya 13 iliifikisha ruwaza hiyo kileleni. Mwaka 2020 mji wa Setouchi, ambao ndani yake kimo kijiji cha kale cha wahunzi cha Osafune, ulinunua upanga wa Ichimonji uitwao Sanchomo kwa yeni milioni 500 zilizochangwa kwa sehemu kubwa na watu waliotaka urudi nyumbani. Upanga huo hauna saini.

Usimalize kabla ya kutazama ncha. Hamoni huendelea ndani yake na kurudi kidogo kuelekea mgongoni, na sehemu hiyo huitwa boshi. Ndiyo sehemu ngumu zaidi kwa mhunzi, na makosa ya wanaoghushi hujitokeza hapo. Ikiwa hamoni inakatika kabla ya kuzunguka ncha, upanga huenda ulivunjika na kuchongwa upya, na thamani yake imeshuka sana.

Kasoro na uzito wake

Kasoro hazilingani. Ufa unaokata makali kwa mkingamo, uitwao hagire, ni mbaya kuliko zote, na mara nyingi ni mwembamba kama unywele. Utafute kwa kuyapitisha makali chini ya taa, sentimita kwa sentimita, pande zote mbili. Lengelenge la hewa lililonaswa kati ya mikunjo, au mwanya mdogo ulioachwa wazi na mikunjo isiyoshikana, hupunguza bei lakini huvumilika katika upanga wa karne ya 14 kuliko katika upanga wa karne ya 19. Upanga ulionolewa kupita kiasi hufunua chuma laini cha ndani kama mabaka yasiyo na ruwaza, na wataalamu husema umechoka.

Upanga ulioungua hupoteza hamoni kabisa, na wapo walioirudisha kwa kuupasha na kuuchovya tena. Ngome ya Osaka ilipoanguka mwaka 1615, hazina ya panga zilizokuwamo iliungua, na mhunzi Yasutsugu wa Echizen alipewa kazi ya kuzichovya upya. Kadhaa kati ya hizo zinathaminiwa kwa sababu ya historia yake. Kwa upanga wa kawaida, kuchovywa tena ni hasara kubwa. Dalili mojawapo ni kivuli cha ukungu kinachopanda kwa mshazari kutoka karibu na msuka, lakini isichukuliwe peke yake, kwa kuwa panga halisi za mhunzi Horikawa Kunihiro zinacho pia.

Msuka na saini

Sasa fungua mpini. Katika panga za Koto, msuka huwa na kutu nyeusi, laini, iliyokaa ndani ya chuma. Za Shinto ni za kahawia iliyokolea. Za karne ya 20 bado huonyesha rangi ya chuma. Kutu ya kale hukaa pia ndani ya herufi. Ikiwa sehemu ya nje ni nyeusi lakini ndani ya mikato mna rangi nyepesi, herufi hizo zilichongwa baadaye. Tazama vilevile alama za tupa: kila shule ilikuwa na mwelekeo wake, ama wa mlalo, ama wa mshazari, ama wa kupishana, na mhunzi hakuubadilisha ovyo. Umbo la msuka nalo husema. Ule wa mhunzi Muramasa huvimba kama tumbo la samaki, na ule wa Soshu hujipinda kama chombo cha baharini.

Hesabu matundu ya pini. Tundu moja pamoja na umbo lisilokatwa humaanisha msuka wa asili. Matundu mawili au matatu mara nyingi humaanisha kuwa upanga ulifupishwa, na msuka uliokatwa kwa mraba usio na saini ni jambo la kawaida kabisa kwa kazi nzuri ya karne ya 14. Ukoo wa Hon'ami, uliowahudumia watawala kama wanoaji na wakadiriaji, uliziandika baadhi ya panga hizo kwa dhahabu iliyopachikwa, ukitaja jina la mhunzi waliyemhukumu kuwa mwenye kazi. Ni wao pia walioandaa, kwa amri ya Shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Yoshimune, orodha ya panga mashuhuri iliyokamilika mwaka 1719.

Saini huchongwa upande unaoelekea nje upanga unapovaliwa. Simamisha upanga ncha ikiwa juu na saini ikikuelekea: makali yakiwa kushoto, ni saini ya katana, yakiwa kulia, ni ya tachi. Kanuni hiyo ina watu wasioifuata, na maarufu zaidi ni ukoo wa Tadayoshi wa Hizen, waliosaini katana zao upande wa tachi. Upanga wa Tadayoshi wenye saini upande wa kawaida wa katana unapaswa kuamsha shaka mara moja.

Maandishi marefu zaidi huwa na jimbo, kijiji, jina la heshima na jina la mhunzi, na upande wa pili tarehe: jina la zama, mwaka, mwezi. Miezi inayorudiwarudiwa mno ni wa 2 na wa 8, kwa hiyo usishangae kuikuta kila mara. Urefu wa jina una maana pia. Mwishoni mwa zama za Koto wahunzi wengi wa Osafune walitumia jina la Sukesada kwa wakati mmoja, na karakana zao zilitoa panga za haraka kwa ajili ya vita. Saini fupi ya Sukesada kwa kawaida ni ya kazi hizo za wingi. Saini ndefu inayotaja makazi na jina binafsi la mhunzi, kama Yosozaemon no jo, ni ya upanga uliofuliwa kwa agizo maalumu. Tofauti ya thamani ni kubwa.

Saini za kughushi ni nyingi tangu zamani, na jina linapokuwa kubwa ndipo shaka inapopaswa kukua. Kotetsu wa Edo aliigwa kiasi kwamba anayekuta jina lake hushauriwa aanze kwa kudhani ni la bandia. Saini za Masamune zilizo halisi ni chache mno, na kazi zake nyingi zinazokubalika hazina jina. Njia ya kuhakiki ni kulinganisha herufi, mkato kwa mkato, na nakala zilizochukuliwa kwa wino kutoka kwenye misuka iliyothibitishwa: upande patasi ilipoanzia, mpangilio wa mikato, nafasi kati ya herufi. Saini ya bandia juu ya upanga mzuri haiufanyi upanga uwe mbaya. Chuma hubaki kilivyo, na wapo wenye panga waliolifuta jina la uongo wakapata hati ya shule halisi.

Vifaa vya upanga

Mpini, ala na vyuma vyake mara nyingi ni vya umri tofauti na bapa, kwa sababu vilibadilishwa kwa mitindo na kwa kuchakaa. Vithamini peke yake. Mpini hufunikwa kwa ngozi ya samaki taa, kisha husukwa kwa uzi wa hariri au pamba, na chini ya uzi huo hukaa mapambo mawili madogo yaitwayo menuki. Mkingio wa mkono ni tsuba. Kwenye ala panaweza kuchomekwa kisu kidogo chenye mpini uitwao kozuka, na kijiti cha nywele kiitwacho kogai.

Ukoo wa mafundi wa Goto, ulioanzishwa na Yujo katika karne ya 15, ulihudumia nyumba za watawala kwa vizazi 17 na kuweka mizani ya kazi rasmi: shakudo, yaani shaba yenye dhahabu kidogo ambayo hutiwa rangi nyeusi yenye urujuani, uso wake ukijazwa vinundu vidogo vilivyopigwa kimoja kimoja kwa safu. Chukua kioo cha kukuzia uzitazame safu hizo. Katika kazi nzuri ni sawa hadi pembeni. Katika kazi ya kufinyangwa, vinundu huwa vimeyeyukiana. Rangi ya shakudo ni tabaka jembamba juu ya shaba hiyo, na anayeing'arisha huibakiza shaba tupu.

Tsuba za chuma zina mashabiki wake, nami ni miongoni mwao. Kaneie na Nobuie ni majina makubwa ya zama za vita vya karne ya 16, na jimbo la Higo lilikuwa na shule kadhaa zenye ladha ya utulivu inayoendana na sherehe ya chai. Tsuba iliyofuliwa huwa na kutu ya kahawia iliyokoza yenye mng'ao wa ndani, na katika baadhi ya shule ukingo una mafundo ya chuma kigumu. Iliyomwagwa kwenye kalibu hujifichua ndani ya matundu yake: tafuta mshono wa kalibu, vishimo vidogo vya hewa, na kona za duara mahali patasi na tupa zingeacha kona kali. Tundu la katikati nalo ni shahidi. Tsuba iliyotumika kweli huwa na mapigo ya patasi kuzunguka tundu hilo, au vipande vya shaba vilivyowekwa ili ikae sawasawa na msuka, na uso unaolizunguka huwa na alama za vipande bapa vya shaba vilivyoubana.

Amri ya mwaka 1876 iliwaondolea mafundi hawa wateja. Kano Natsuo, aliyekuwa bingwa wao, alikuwa tayari amechonga miundo ya sarafu mpya za serikali ya Meiji, na baadaye akafundisha katika shule ya sanaa ya Tokyo. Wengine waligeukia bidhaa za kuwauzia wageni, zikiwamo panga zenye mpini na ala ya pembe za ndovu iliyochongwa sanamu. Bapa la panga hizo kwa kawaida ni duni, na biashara ya pembe za ndovu kuvuka mipaka imebanwa vikali na mkataba wa kimataifa.

Hati, sheria na hatua ya mwisho

Taasisi inayotegemewa zaidi ni NBTHK ya Tokyo, yaani jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani, iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo hutoa hati za ngazi nne, kutoka ya chini hadi ya juu: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Hati zake za zamani ziitwazo Kicho, zilizokoma mwaka 1982, hazina uzito uleule, kwa kuwa baadhi zilitolewa kwa njia zilizotiliwa shaka. Upanga wenye jina kubwa na hati ya namna hiyo pekee ununuliwe kana kwamba hauna hati. NTHK nayo, jumuiya nyingine ya kuhifadhi panga iliyo kongwe zaidi, hutoa hati zinazoheshimiwa. Hati huhukumu uhalisi na ubora, haitaji bei. Bei hupanda kwa hadhi ya mhunzi, saini ya kweli, msuka usiokatwa, urefu unaozidi sentimita 70, na afya ya chuma; hushuka kwa ufa, uchovu na unoaji mbaya.

Ndani ya Japani kila upanga lazima uwe na cheti cha usajili kinachotolewa na bodi ya elimu ya mkoa, na ule usiofuliwa kwa njia ya jadi hausajiliwi. Unapotoka nchini huhitaji kibali cha Shirika la Utamaduni, na cheti hurudishwa. Nchi unakopokelea ina sheria zake za silaha na forodha, na zisomwe kabla ya kulipa.

Anayetaka maoni ya mtaalamu aliye mbali atume vipimo vyote vilivyotajwa hapo juu, picha ya bapa zima bila mpini likiwa juu ya kitambaa cheusi, picha ya msuka pande zote mbili iliyopigwa kwa wima moja kwa moja, picha ya ncha, na picha mbili au tatu za hamoni chini ya taa moja. Picha ya saini peke yake, hata ikiwa safi kiasi gani, haitoshi kumwezesha mtu makini kutoa jibu.